Taa Zilizoshuka Ngazi Moja Moja

4 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Sisi huku karakana hatujambo, ila chuma cha kulehemu kimeniunguza kidole gumba tena, kile kile cha mwaka jana. Baba akisikia atasema ndiyo malipo ya kuitwa Bisibisi. Mngeniita Kalamu leo ningekuwa ofisini na vidole vizima.

Nakutumia faili jipya la kibodi yako. Ukifika mahakamani kabla kesi hazijaanza, chomeka waya, bonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kwa ncha ya kalamu, kisha buruta faili kama nilivyokuonyesha. Sekunde kumi, umemaliza. Ni marekebisho madogo, hutaona tofauti yoyote. Rangi zako za kuonyesha anayesema ziko pale pale: kijani hakimu, nyekundu mwendesha mashtaka, buluu wakili wa utetezi, njano shahidi. Na vile vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga bado sijavirudisha, kama ulivyoagiza baada ya kidole chako cha mwisho kuzima taa zote katikati ya hukumu.

Kazi imetujaa. Tuna oda ya kibodi sitini za chumba cha kupokea simu za dharura, za kuondoka katikati ya Aprili. Wale watu wanafanya kazi kwenye chumba chenye giza, macho yote kwenye skrini, kwa hiyo taa za vitufe kwao si mapambo. Niombee.

Mwanao,
Bisibisi

10 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Faili nimeliweka Ijumaa asubuhi. Kibodi ilizima, ikafikiri kidogo, ikawaka. Kweli sijaona tofauti, na kwangu hiyo ndiyo sifa kubwa ya fundi.

Pole ya kidole. Tafuta glovu, acha ubishi wa baba yako.

Juzi shahidi aliulizwa kama alimwona mshtakiwa siku ile. Akajibu: "Nilimwona, lakini sikumtazama." Wakili akacheka, hakimu akamkata jicho, mimi nikabonyeza njano nikaandika hivyo hivyo. Miaka ishirini na sita ya kuandika maneno ya watu, na bado wananishangaza. Siku hizi mapazia yanashushwa tangu asubuhi kwa sababu ya ile skrini ya kuonyeshea picha za ushahidi, basi chumba kimekuwa kama ghala. Bila taa zako ningekuwa napapasa.

Usinipigie simu mchana, unajua sisi simu tunaziacha mlangoni. Niandikie. Barua inangoja, simu haina subira.

Shangazi yako

19 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima kabisa. Kazi nzuri, hali ya hewa nzuri, hata goti limetulia.

Nauliza tu, kwa udadisi: zile taa ndogo za chini ya vitufe, huwa zinazeeka? Kama balbu za nyumbani, unaona inaanza kuwa dhaifu halafu siku moja imekufa? Kuna karani mwenzangu ameniuliza nikakosa la kumjibu.

Msalimie mwenzio wa karakana. Mwambie achane nywele.

Shangazi yako

20 Machi

Shikamoo Shangazi,

Mwambie huyo karani alale usingizi. Taa za aina hii hazizeeki kama balbu. Zile nilizokuwekea zitawaka miaka kumi, kumi na miwili, kabla jicho la mtu halijagundua kuwa zimepungua. Kibodi yako ina miaka miwili tu. Ukiona mtu analalamika kuwa taa zake zimefifia, mpeleke kwa daktari wa macho, kibodi iache ipumzike!

Nimechana nywele mwenyewe; mwenzangu amekataa.

Bisibisi

30 Machi

Kaka,

Barua hii ni yako peke yako. Ukishaisoma, usimpe mkeo, na zaidi ya yote usimwambie Bisibisi.

Macho yangu yanakwenda.

Nimeliandika nikaona halikuniua, basi nitaendelea. Yalianza mwezi uliopita. Mwanzo nilidhani ni mapazia, nikamwomba mhudumu afungue moja kidogo. Akafungua. Lakini kila wiki taa za kibodi yangu zinakuwa hafifu zaidi. Si kwa ghafla. Ni kama mtu anayeondoka huku akikupungia mkono. Kijani na buluu sasa siwezi kuvitofautisha mpaka niiname, na nikiinama hakimu ananitazama. Nilimuuliza mtoto, kwa kuzunguka mbuyu, kama taa zinazeeka. Akanijibu kwa kicheko kuwa ni miaka kumi, na kwamba mwenye kuziona zimefifia akaone daktari wa macho. Hakujua anachokisema, maskini. Nilisoma ile barua mara nne.

Wiki iliyopita nilibonyeza njano mahali pa buluu. Wakili ndiye aliyesema, "Basi alikuwepo," mimi nikaandika kuwa ni shahidi aliyesema. Fikiria! Maneno mawili, na shahidi amethibitisha jambo ambalo hakulithibitisha. Bahati nilisikiliza rekodi jioni ile nikasahihisha kabla ya kusaini. Je, siku nisiposikiliza?

Unakumbuka Mama alivyoanza. Alisema taa ya jikoni haiwaki vizuri. Tukabadilisha balbu mara tatu, wewe ukapanda hadi kwenye dari kuangalia nyaya. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mimi natimiza hamsini na minane mwezi wa saba. Kwa daktari sikwenda na siendi. Mama alikwenda, akaambiwa sentensi moja, na tangu siku ile akaacha hata kushona kwa kukisia.

Nimeandika barua ya kuomba kustaafu mapema. Ijumaa nimeiweka mezani kwa karani mkuu. Ni afadhali niondoke na kumbukumbu safi kuliko siku moja mtu afungwe kwa kidole changu.

Sikuombi ushauri. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hukuniomba ushauri, lakini umemwandikia mwalimu wa udereva. Mimi kazi yangu ni kukaa kiti cha pembeni na kukanyaga breki za watu. Sasa nakanyaga yako.

Kwanza, pole. Nimesoma barua yako nikatoka kwenda kukaa kwenye gari uani na injini imezimwa, mpaka mke wangu akaja kugonga kioo akauliza kama nimefungiwa. Sikumwambia kitu.

Pili, mficha uchi hazai. Nenda kwa daktari. Mama alikwenda akiwa amechelewa miaka mitatu kwa sababu ya balbu zile na mimi kupanda dari. Siku hizi kuna matone, kuna vipimo, kuna mambo ambayo wakati ule hayakuwepo. Unaogopa sentensi moja, kwani sasa hivi unaishi na sentensi ngapi?

Tatu, hiyo barua ya kustaafu iondoe mezani kwa yule mtu. Huwezi kuegesha gari katikati ya barabara kwa sababu umeona moshi mbele.

Siri yako nimeisikia.

Kaka yako

3 Aprili

Bisibisi,

Baba yako hapa. Nimeahidi kunyamaza, na kwa kweli sikuahidi: niliandika "siri yako nimeisikia", na kusikia si kuahidi. Shangazi yako akijua ataniua kwa maneno, nawe utakuwa shahidi.

Anapoteza macho. Hakuna karani mwenzake aliyeuliza habari za taa, ni yeye. Anasema taa za kibodi yako zinafifia kila wiki kidogo kidogo tangu mwezi wa pili, rangi hazioni tena, na amekwishaandika barua ya kuacha kazi. Amekataa kwenda hospitali. Unajua habari za bibi yako.

Ninachokuomba ni kimoja. Mtengenezee kibodi nyingine yenye taa kali sana, kama za lori, na vitufe vikubwa, umtumie kama zawadi bila kumwambia sababu. Angalau amalize mwaka wake kwa heshima.

Usilie. Ukishalia, fanya kazi.

Baba

5 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma. Baba ameniambia. Usimlaumu; nitaeleza kwa nini unapaswa kumshukuru, halafu utaeleza wewe kwa nini nisipigwe.

Macho yako hayana kosa. Kosa ni langu.

Mwezi wa pili nilikuandikia kuwa faili lile ni marekebisho madogo. Nilikudanganya. Ule msimbo wa taa, maandishi yanayoiamrisha kibodi, nilikuwa nimeufumua wote. Ulikuwa umeandikwa kwa miaka mitatu, kiraka juu ya kiraka, kila mteja akitaka kitu nabandika mistari mingine, mpaka mimi mwenyewe nikifungua faili nilihisi nimeingia chumba cha mtu asiyetupa kitu. Wale wa simu za dharura walitaka kuusoma kabla ya kununua, nikaona aibu. Nikakaa wiki mbili nikaupanga upya: sehemu ya rangi peke yake, sehemu ya kiwango cha mwanga peke yake, sehemu ya kulala na kuamka peke yake. Mistari mia nne ikawa mia na hamsini. Nilijiona bingwa. Nilikutumia wewe wa kwanza kwa sababu nilitaka mtu aitumie kweli, na sikukuambia kwa sababu ungesema, "Usinijaribie vitu kazini." Na ungekuwa umesema haki.

Sasa sikiliza. Kibodi yako usipoigusa dakika ishirini, inalala. Kabla ya kulala hushusha mwanga ngazi moja, halafu nyingine, mpaka gizani, ili isizime kwa kushtua. Msimbo wa zamani ulikuwa unaandika kwanza kiwango chako kwenye kumbukumbu ya kibodi, ndipo unaanza kushusha. Mimi katika kupanga niliona ule mstari wa kuandika umekaa vibaya, nikausogeza chini kidogo upendeze. Ukawa unashusha ngazi ya kwanza, ndipo unaandika. Kwa hiyo kila kibodi ilipoamka, ilikumbuka kiwango kilichopungua ngazi moja, ikadhani ndicho ulichokitaka.

Ngazi zote ni mia mbili hamsini na tano. Ngazi moja hakuna jicho linaloiona, si lako, si la tai. Lakini wewe unaondoka mezani mapumziko ya chai, chakula cha mchana, na jioni. Mara tatu kwa siku, siku arobaini za kazi. Ulianza na mia na sitini, ambao ndio mwanga kamili niliouweka. Leo umebaki na arobaini hivi. Zimefifia kweli, Shangazi! Uliziona sawasawa.

Huku karakana hatukugundua kwa sababu kibodi zetu tunaziwekea faili jipya karibu kila siku, na kila faili jipya linaanza na mwanga kamili. Barua ya Baba ilipofika nilianza kuchora hiyo kibodi ya taa za lori. Nikafika kwenye neno lake "kila wiki kidogo kidogo", nikasimamisha kalamu. Macho yanaweza kufifia kidogo kidogo, lakini yafifie tangu wiki ile ile niliyokutumia faili? Nikachukua kibodi kama yako, nikaipunguzia muda wa kulala kutoka dakika ishirini hadi sekunde mbili, nikaiacha mezani ilale na kuamka yenyewe. Tukakaa mimi na mwenzangu tukiitazama. Baada ya dakika tano akasema, "Mbona inakwenda?" Baada ya kumi na tano ilikuwa imekwisha. Mwenzangu ana miaka ishirini na tisa na macho ya mwewe.

Nilirudisha mstari ule mahali pake, na juu yake nimeandika maelezo marefu kuliko mstari wenyewe, kwamba usisogezwe na kwa sababu ya nani. Faili jipya limeambatana na barua hii.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, najua. Lakini huu nilikuchoma wewe, na nilipokuandikia ule mzaha wa daktari wa macho nilikuwa nauzungusha. Nisamehe.

Bisibisi

7 Aprili

Mwanangu,

Nilisoma barua yako jana nikiwa bado nyumbani na viatu mkononi. Sikuiamini. Nilisema mtoto ananipenda mno, ametunga hadithi ya ngazi ili nisiumie.

Leo nikaenda mahakamani mapema kuliko mfagizi. Sikuweka faili kwanza. Nilimngoja mkalimani wetu, yule mrefu anayekaa kushoto kwangu, nikamwita: "Hebu njoo utazame taa hizi. Unazionaje?"

Akainama, akatazama. Akasema, "Hafifu, Mama. Zimekuwa hafifu wiki nyingi."

"Wewe unaziona hafifu?"

"Kila mtu anaziona. Nilidhani umezipunguza mwenyewe, labda zinakuumiza macho. Hata hakimu aliwahi kuniuliza unawezaje kuandika gizani, nikamwambia huyu ana vidole vinavyoona."

Bisibisi, nilishika meza. Wiki nyingi! Nimebeba msiba kifuani, nimeaga ukuta na kiti na kabati la faili, nimefumba macho nyumbani nikijifunza kwenda jikoni kwa kuhesabu hatua, na kumbe mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu alikuwa anaona ninachokiona, ila adabu imemzuia kusema.

Nikaweka faili. Ikazima, ikafikiri, ikawaka. Kijani. Nyekundu. Buluu. Njano. Zote kwa pamoja, mpaka vidole vyangu vilikuwa na rangi. Nikacheka kwa sauti katika chumba kile ambacho kwa miaka ishirini na sita sijawahi kucheka kwa sauti, halafu nikalia, mkalimani akaenda kuniletea maji, akarudi nacheka tena. Ameniuliza kama kuna kesi leo au aiahirishe.

Kisha nikakumbuka barua ya kustaafu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi yangu niliyamwaga mezani kwa karani mkuu siku kumi zilizopita. Nikapanda ngazi bila kusubiri goti. Nikamkuta anapanga mafaili. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya barua yangu.

Akasema, "Barua ipi?"

Nikasema, "Ile ya Ijumaa ya juzi."

Akavuta droo, akaitoa, bado imefungwa. Akasema aliona mwandiko wangu juu ya bahasha umetetemeka, akajua ndani hakuna habari njema, akaamua aingoje wiki mbili kwanza. "Nimefanya kazi hii muda mrefu," akasema. "Barua nyingi za namna hii huwa zinajijibu." Nikaichukua nikaichana mbele yake vipande vinane.

Sasa wewe. Nimekasirika, na nataka ujue nimekasirika, kwa uongo wa "marekebisho madogo". Kosa la mstari ni la kazi. Hata mimi nimebonyeza njano badala ya buluu. Lakini uliniambia sitaona tofauti, basi nilipoiona tofauti nikajilaumu mwenyewe. Siku nyingine niambie, "Shangazi, nimefumua kila kitu, tazama vizuri." Nitatazama. Ndiyo kazi yangu.

Na zile sitini za simu za dharura? Niambie hazijaondoka.

Umesamehewa. Paka dawa kwenye kidole.

Shangazi yako

9 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Hazijaondoka. Zilikuwa kwenye maboksi, zimefungwa utepe, gari lilikuwa lije Alhamisi. Tumezifungua zote, tumeziwekea faili lililosahihishwa moja baada ya nyingine, na kila moja tumeilaza na kuiamsha mara mia tatu. Vidole vinaniuma lakini moyo hauniumi. Niliwapigia wateja nikawaeleza ukweli wote, pamoja na habari zako, bila kusema wewe ni nani. Nilitegemea wavunje oda. Msimamizi wao akasema, "Tuchelewesheeni wiki, ni sawa. Afadhali hitilafu mmeiona nyinyi kabla hatujaiona sisi."

Nimejifunza, Shangazi. Nitakuambia kila kitu, hata nikibadilisha koma.

Lakini bado nenda kwa daktari. Si kwa ajili ya taa. Kwa ajili ya Bibi.

Bisibisi

18 Aprili

Kaka,

Nimekwenda, kwa sababu mmenigeuza uwanja wa vita, wewe upande mmoja na mwanao upande wa pili. Wamenipuliza macho kwa hewa, wamenimulika, wamenifanya nisome herufi mpaka nikawauliza kama wanataka niwachapie. Daktari ni binti mdogo mwenye sauti ya upole. Presha ya macho ni ya kawaida. Mishipa mizima. Miwani ya kusomea niongeze nguvu kidogo, nirudi baada ya mwaka. Basi! Sentensi zilikuwa nne, na zote nzuri. Nilipotoka nje nilisimama kwenye ngazi nikasoma kila kibao cha duka mtaani, mpaka kile cha fundi viatu mwishoni kabisa.

Ila aliniuliza habari za Mama. Nilipomweleza aliacha kuandika. Akasema maradhi yale hufuata damu, na akauliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye mmoja. Akasema, "Naye amepimwa?"

Kaka, umepimwa?

Usinijibu kwa mzaha.

Mdogo wako

29 Aprili

Mdogo wangu, na wewe Bisibisi (nawaandikia pamoja, nimechoka na siri),

Sikuwa nimepimwa. Kila neno nililomwandikia mdogo wangu nilikuwa najiandikia mimi, ila anwani ilikuwa yake.

Ni hivi. Tangu mwaka jana kuna upande wa kushoto ambao haupo. Si giza, haupo tu. Mwezi wa kwanza mwanafunzi wangu alifunga breki kabla yangu. Akasema, "Mwalimu, hukumwona yule wa baiskeli?" Nikamwambia nilimwona, nilikuwa nampima yeye. Akanisifu. Usiku ule sikula. Nilibadilisha vioo vya pembeni nikaweka vikubwa, kama vile sisi tulivyokuwa tukibadilisha balbu.

Barua yako ya tarehe kumi na nane ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nimekwenda wiki jana. Presha ya macho, yote mawili, la kushoto zaidi. Kilichokwisha kupotea hakirudi, daktari hakunificha. Lakini amesema nimewahi, na kwa matone asubuhi na jioni kilichobaki kina kila sababu ya kubaki mpaka nitakapozeeka na kuwachosha. Barabarani nimeacha kufundisha mpaka nipimwe tena mwezi wa nane. Chuo kimenipa darasa la alama na sheria, na nimegundua kuwa hata bila breki ya pembeni bado naweza kuwatisha wanafunzi. Mama Bisibisi ndiye ananitia matone. Anasema nafumba jicho kabla tone halijatoka kwenye chupa.

Nalala vizuri. Sikumbuki lini nililala hivi.

Siku ile kwenye dirisha la mapokezi walikuwa wanajaza fomu. Dada wa pale akaniuliza, "Mzee, umeletwa na nani?" Nikamwambia nimeletwa na kosa la binti yangu. Nikamwona anaandika: ameletwa na binti yake.

Sikumsahihisha.

Baba, na kaka yako